Muhogo Mchungu na Miezi ya Kiangazi

  Mwenye karatasi hii mkononi na afuate maneno kwa kidole. Asiyeweza bado kusoma upesi asione haya. Mwalimu wa darasa atarudia kila fungu baada ya redio kunyamaza.

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiri habari za wafalme na vita tu. Hizo ni historia kweli, lakini chakula nacho kina historia yake. Kila chakula kilichomo chunguni mwako kina mahali kilikotoka, watu waliokileta, na mambo waliyojifunza watu kwa taabu kabla ya kukila kwa amani. Leo tutazungumza habari za muhogo mchungu. Tutajifunza jinsi mmea huu unavyobadilika ndani yake kwa kufuata majira ya mwaka, na jinsi mabadiliko hayo yalivyowalemaza watu katika mkoa wetu wa Mara mwaka 1985.

Utauliza, je, mmea unaweza kubadilika? Shina ni lile lile, shamba ni lile lile, na mkulima ni yule yule. Ndiyo, hubadilika. Muhogo ulioung'oa wakati udongo una maji na muhogo wa shina hilo hilo ulioung'oa baada ya miezi mingi ya jua kali haulingani. Kwa macho unafanana, lakini ndani yake kiasi cha sumu si kimoja. Jambo hili ndilo kiini cha somo letu.

ULIKOTOKA MUHOGO

Muhogo si mmea wa asili ya Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, hasa nchi tunayoiita leo Brazili. Watu wa huko waliulima kwa maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika. Katika karne ya 16 mabaharia Wareno waliuchukua wakauleta pwani ya magharibi ya Afrika, karibu na mlango wa mto Kongo. Baadaye ukafika pia pwani yetu ya mashariki na visiwani. Kutoka huko ulisafiri pole pole kuelekea bara, mkono kwa mkono, jirani akimpa jirani vipande vya shina vya kupanda.

Wazee wa Mara tangu zamani walikuwa watu wa mtama na ulezi. Vyakula hivyo ni vizuri, lakini vina adui wengi. Ndege hula punje. Nzige wakitua, hawaachi kitu. Mvua zikikatika kabla ya mtama kuchanua, mkulima havuni. Muhogo ni tofauti. Chakula chake kimo chini ya ardhi. Nzige wakila majani, mizizi hubaki, na mvua ikirudi mmea huchipua tena. Tena mkulima anaweza kuuacha shambani mwaka mmoja au miwili, akaung'oa siku ya shida. Shamba lenyewe huwa ghala.

Kwa sababu hiyo serikali ya kikoloni ya Waingereza iliushika muhogo kama ngao ya njaa. Sehemu nyingi za Tanganyika ziliwekewa amri za kulima muhogo wa akiba, na watu waliokataa waliweza kutozwa faini. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kule milima ya Usambara, wataalamu walianza katika miaka ya 1930 kutafuta mbegu za muhogo zisizoshikwa upesi na ugonjwa wa batobato. Hivyo muhogo ulienea mpaka ukawa chakula cha kila siku cha watu wengi walio kando ya Ziwa Viktoria, wala si chakula cha njaa peke yake.

MUHOGO MTAMU NA MUHOGO MCHUNGU

Kila mkulima anajua kwamba mihogo iko ya namna nyingi. Iko mitamu, ambayo mtoto huichemsha au kuitafuna mbichi. Na iko michungu, ambayo hailiwi mpaka imetengenezwa.

Labda mtu wa mjini atauliza, kwa nini watu wapande muhogo mchungu, hali mtamu upo? Mkulima ana majibu. Muhogo mchungu, wezi hawaupendi, maana hauliki papo hapo. Nguruwe mwitu na nyani nao hupendelea mtamu, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliye karibu na pori. Huko Malawi wataalamu waliwauliza kina mama wakulima, nao wakatoa sababu hizo hizo: uchungu ndio mlinzi wa shamba.

Uchungu huo unaambatana na nini? Mwaka 1906 wataalamu watatu wa Uingereza, Dunstan, Henry na Auld, walieleza kitu walichokipata ndani ya muhogo. Kitu hicho leo huitwa linamarini. Linamarini yenyewe imetulia tu ndani ya mmea. Lakini katika mmea huo huo, mahali pengine, kimewekwa kitu cha pili kinachoitwa kimeng'enya. Kazi ya kimeng'enya hiki ni kuivunja linamarini.

Fikiri nyumba yenye vyumba viwili. Katika chumba kimoja kuna linamarini, na katika chumba cha pili kuna kimeng'enya. Ukuta ukiwa mzima, havikutani. Mnyama akitafuna mzizi, au mama akiukwangua au kuutwanga, ukuta unavunjika. Vitu hivyo viwili vinakutana, na linamarini inavunjika. Mwisho wake hutoka sumu inayoitwa sayanidi. Sumu hii ni kali sana, lakini ina tabia moja ya kutusaidia: ikitoka, huwa ni hewa. Hupeperuka ikaenda zake.

Shika neno hili, maana tutalirudia: sumu ya muhogo hutoka kwa kuvunja, kwa maji na kwa muda. Haitoki kwa moto peke yake.

Kwa nini moto hautoshi? Kwa sababu maji yanapochemka hukiharibu kile kimeng'enya. Linamarini haiharibiki upesi hivyo. Basi muhogo mchungu mzima uliochemshwa bado una linamarini nyingi, na mwenye kuivunja hayupo tena. Ukiula, linamarini inaingia tumboni, na huko sehemu yake inaweza kugeuka kuwa sumu ndani ya mwili wako.

MMEA UNAVYOFUATA MAJIRA

Sasa tuje kwenye majira. Huku kwetu tuna mvua za vuli mwisho wa mwaka, na mvua za masika kuanzia mwezi wa tatu hivi. Katikati ya mwaka ni kiangazi.

Udongo ukiwa na maji, muhogo hukua, mizizi hunenepa, na linamarini huwa kwa kiasi chake cha kawaida. Udongo ukikauka, mmea hupunguza kazi. Hudondosha majani mengi. Mizizi hainenepi tena. Lakini linamarini huongezeka. Katika ukame mkali inaweza kuwa mara mbili au zaidi ya ile ya mwaka mwema. Wataalamu wamelijaribu jambo hili kwa kupanda mihogo katika vyombo na kuinyima maji. Sumu katika mizizi ilipanda. Waliporudisha maji, ikashuka tena.

Wengi wa wataalamu hao huona kwamba mmea hufanya hivi kwa kujilinda. Wakati wa kiangazi nyasi zimekauka, na kila mnyama anatafuta cha kula. Mmea uliobaki hai hauna budi kujitetea. Basi usiulaumu muhogo. Unafanya kwa ajili ya uhai wake kama wewe unavyofunga mlango usiku.

Hata muhogo unaoitwa mtamu unaweza kuwa na uchungu kidogo katika mwaka wa ukame. Wazee wengi wamelionja jambo hili kwa ulimi wao kabla ya mtaalamu yeyote kulipima.

KONGO NA MSUMBIJI

Tuvuke mipaka kidogo. Mwaka 1938 daktari mmoja Mtaliano, jina lake Trolli, alichapisha habari za ugonjwa uliokuwako katika sehemu ya Kwango, nchini Kongo, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Wabelgiji. Watu waliokuwa wazima walishikwa ghafula na ukakamavu wa miguu yote miwili. Wayaka wa huko waliuita ugonjwa huo konzo. Maana ya jina hilo ni miguu iliyofungwa. Na kweli mgonjwa hutembea kama mtu aliyefungwa kamba magotini.

Ugonjwa wa konzo una dalili zake. Huja upesi, pengine katika saa chache au siku moja. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekaza. Hauambukizi. Hauzidi baada ya kuja, lakini pia hauponi. Wenye nafuu hutembea bila kushika kitu, ila kwa shida. Wengine huhitaji gongo moja au mawili. Wengine hawatembei tena kabisa. Wanaoshikwa zaidi ni watoto waliokwisha kuacha kunyonya, na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Mwaka 1981 ukame mkubwa uliipiga sehemu ya Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Watu zaidi ya 1,000 walishikwa na ugonjwa wa namna hiyo hiyo. Huko uliitwa mantakassa. Kwanza waganga walifikiri ni ugonjwa wa kupooza unaoambukiza watoto, yaani polio. Lakini madaktari wa Msumbiji na wenzao wageni, miongoni mwao Julie Cliff wa Australia na Hans Rosling wa Sweden, walipochunguza waliona jambo moja. Wagonjwa walikuwa wakila muhogo mchungu karibu peke yake, na muhogo huo haukutengenezwa kwa siku za kutosha. Katika damu na mkojo wao kulikuwa na alama nyingi za sayanidi.

YALIYOTOKEA MARA MWAKA 1985

Sasa turudi nyumbani. Katika miaka ya 1984 na 1985 mvua zilipungua sana katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Mkoa wa Mara nao ulipata ukame. Katika wilaya ya Tarime, ng'ambo ya mto Mara kwa mtu anayetoka Musoma, walitokea watu waliokakamaa miguu ghafula. Wakati huo wilaya ya Tarime ilikuwa pamoja na nchi ambayo leo ni wilaya ya Rorya.

Wataalamu walikwenda kuchunguza. Walikuwa Howlett, Brubaker, Mlingi, na Rosling yule aliyekuwa Msumbiji. Mlingi alikuwa mtaalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania. Matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 1990. Walieleza kwamba ugonjwa huo ndio konzo, na kwamba ulikuja katika ukame, kwa watu waliokula karibu muhogo mchungu tupu, usiotengenezwa vya kutosha.

Kwa nini mwaka ule, wala si miaka mingine? Watu wa Mara walikuwa wamekula muhogo mchungu tangu zamani, nao hawakulemaa. Tazama jinsi mambo matatu yalivyokutana.

Jambo la kwanza ni sumu kuongezeka. Tumekwisha kuona kwamba ukame huongeza linamarini katika mizizi.

Jambo la pili ni siku kupunguzwa. Mama aliyezoea kuumenya muhogo, kuuvundika siku kadha, kuukwangua ukungu, kuuponda na kuuanika mpaka ukawa udaga mkavu, sasa ana watoto wanaolia njaa leo. Ghala ni tupu. Hawezi kungoja siku zote hizo. Anaumenya, anauponda, anauanika juani siku moja tu, anatwanga, anasonga ugali. Hafanyi hivyo kwa ujinga. Anafanya kwa sababu njaa haina subira.

Jambo la tatu ni kukosa kitoweo. Mwili wa mtu una njia yake ya kuitoa sayanidi. Huiunganisha na kitu kiitwacho salfa, ikawa kitu kisicho na madhara makubwa, nacho hutoka katika mkojo. Lakini salfa hiyo mwili huipata katika vyakula vya kujenga mwili, kama samaki, dagaa, nyama, maziwa na mayai, na kwa kiasi kidogo zaidi katika kunde na maharage. Ukame ukija, ng'ombe hukonda na maziwa hukauka. Mwenye fedha kidogo hununua unga kwanza, kitoweo baadaye au hapana. Basi sumu inaongezeka wakati ule ule ambapo kinga inapungua.

Kila jambo peke yake, mwili ungeweza pengine kulivumilia. Yalipokuja yote matatu pamoja, watu wakalemaa.

HESABU NDOGO

Tufanye hesabu, maana darasa letu hujifunza na hesabu pia. Tuseme mizizi ya mwaka mwema ina sumu sehemu 100. Ukiimenya, ukaikata na kuianika juani tu, hubaki sehemu 25 hadi 33 hivi. Ukiivundika kwanza kisha ukaianika, hubaki sehemu 12 hadi 17 hivi. Unaona kwamba kuvundika kunashinda jua tupu, karibu mara mbili.

Sasa mwaka wa ukame mizizi ina sehemu 200. Mama akiivundika kama alivyofundishwa na bibi yake, hubaki sehemu 25 hadi 33 hivi. Hicho ni kiasi kile kile kinachobaki kwa mtu mvivu katika mwaka mwema! Na je, mama huyu akiacha kuvundika kwa sababu ya njaa? Hubaki sehemu 50 hadi 66. Hiyo ni mara nne ya zile alizozizoea.

Hesabu hii inatuonyesha jambo kubwa. Katika mwaka wa ukame, desturi njema ya kila siku haitoshi. Inatakiwa iongezwe. Lakini njaa huwafanya watu waipunguze. Hapo ndipo mtego ulipo.

Mashirika ya dunia yanayoangalia chakula na afya yameweka kipimo: katika kilo moja ya unga wa muhogo, sayanidi isizidi miligramu 10. Miligramu ni kitu kidogo sana. Gramu moja ina miligramu 1,000. Hii inakuonyesha jinsi sumu hii isivyohitaji kuwa nyingi ili idhuru.

BARABARA MPYA

Usifikiri kwamba ni ukame tu unaoweza kuleta mambo haya. Huko Kongo, katika nchi ya Bandundu, ilijengwa barabara nzuri ya lami ya kwenda mji mkuu wa Kinshasa. Malori yakaanza kuja kununua muhogo. Desturi ya zamani ilikuwa kuloweka mizizi mtoni siku tatu. Lakini mnunuzi yuko barabarani anangoja, na fedha iko mkononi mwake. Watu wakapunguza siku: mbili, kisha moja. Wataalamu waliochunguza, na kueleza habari hizo mwaka 1992, waliona kwamba konzo ilitokea kwa watu waliopunguza siku za kuloweka.

Barabara ni jambo jema. Soko ni jambo jema. Lakini utaratibu uliowekwa na wazee ulikuwa na sababu, hata kama wao wenyewe hawakujua jina la linamarini. Walijua siku tatu. Ukiacha desturi, tafuta kwanza sababu yake.

Wewe unayeuza udaga katika soko la Musoma au Bunda, maneno haya yanakuhusu. Anayenunua kwako hana njia ya kujua ulivundika siku ngapi. Anakuamini.

UNGA ULIOLOWESHWA

Historia yetu haikuishia katika magongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilionekana tena Tanzania, safari hii kusini, katika mkoa wa Mtwara. Katika miaka hiyo hiyo mtaalamu mmoja wa Australia, Howard Bradbury, alitafuta njia rahisi ya kusafisha unga uliokwisha kusagwa. Njia yake haihitaji dawa wala mashine. Inafaa kila mama na kila baba aijue. Nitaisema pole pole.

Kwanza, tia unga wa muhogo mkavu katika bakuli au sufuria. Usawazishe, kisha weka alama ndani ya chombo mahali unga unapofika.

Pili, tia maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye ile alama, acha kutia maji.

Tatu, tandaza unga huo wa majimaji juu ya ungo au mkeka safi. Uwe mwembamba, usizidi unene wa sentimita 1, yaani kama upana wa kidole chembamba.

Nne, uache saa 2 juani, au saa 5 kivulini.

Tano, upike ugali siku hiyo hiyo, maana unga wenye maji huharibika.

Ni nini kinachotokea juu ya ule ungo? Katika unga mkavu bado mna linamarini kidogo na kimeng'enya kidogo. Vikiwa vikavu havifanyi kazi. Maji yakiingia, vinakutana. Sumu inatoka kama hewa na kupeperuka. Sumu iliyobaki huwa theluthi moja ya ile ya kwanza, au hata moja ya sita. Ndiyo maana unga sharti uwe mwembamba: ukiufanya lundo, hewa ile itatokea wapi?

Njia hii ilifundishwa kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Katika kijiji cha Kay Kalenge, wilaya ya Popokabaka nchini Kongo, kina mama waliifuata katika miaka ya 2010 na 2011, na katika muda huo hakupatikana mgonjwa mpya wa konzo kijijini. Jambo hilo halikufanywa na hospitali kubwa, bali na kina mama kwa ungo zao.

Angalia lakini: kulowesha unga ni nyongeza. Hakuondoi kazi ya kumenya, kuvundika na kuanika. Anayefanya yote amejilinda zaidi.

TUKUMBUKE NINI

Baadhi ya watu wakisikia habari kama hizi husema, basi tusile tena muhogo. Hayo si maneno ya busara. Muhogo umeokoa watu wengi katika miaka ambayo mtama ulikauka na mahindi hayakuota. Bila muhogo, ukame wa 1984 na 1985 ungaliua wengi. Tatizo si mmea. Tatizo ni haraka, na umaskini unaoleta haraka.

Wengine husema kwamba mtu aliyekakamaa miguu amerogwa. Maneno hayo huleta madhara mawili. Humtia jirani asiye na hatia katika hatari, na huacha unga wa jana uendelee kuliwa na watoto waliobaki. Ukimwona mtu ameshikwa hivi, mpeleke hospitali upesi, na palepale angalieni chakula cha nyumba ile na nyumba za jirani. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, lakini mazoezi na magongo humsaidia mgonjwa, na kubadili chakula huwakinga wengine. Na mlemavu asifichwe ndani. Ana akili zake zote. Darasa hili ni lake pia.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 vikundi vya redio vilijifunza somo la Mtu ni Afya, na mwaka 1975 somo la Chakula ni Uhai. Miaka kumi baada ya somo hilo la pili, watu wa Tarime walikakamaa miguu kwa sababu ya chakula. Hapa hatusemi kwamba masomo yale yalikuwa bure. Yalichimba vyoo vingi na kuokoa watoto wengi. Tunasema kwamba elimu ya chakula haimalizwi kwa mwaka mmoja. Kila kizazi hakina budi kujifunza tena, na kila ukame hututahini upya.

Basi kiangazi kirefu kikija, na majani ya muhogo yakianza kudondoka, ikumbuke hesabu yetu. Ongeza siku ya kuvundika, usipunguze. Lowesha unga. Tafuta dagaa, hata kwa uchache, kwa ajili ya watoto na mama zao. Na kijiji kikiona njaa inakaribia, wazee na viongozi wasingoje mpaka kila nyumba inang'oa muhogo wa leo kwa ajili ya leo. Watoe taarifa mapema, maana siku tatu za kungoja ni rahisi kwa mwenye debe moja la nafaka ndani, na ni ngumu sana kwa asiye na kitu.

 

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Muhogo ulitoka nchi gani, na kwa nini ulipendwa katika miaka ya nzige na ukame?

2. Kwa nini muhogo mchungu uliochemshwa mzima bado una hatari?

3. Taja mambo matatu yaliyokutana katika mkoa wa Mara mwaka 1985.

4. Katika nyumba yako muhogo huvundikwa siku ngapi? Waulize wazee: zamani zilikuwa siku ngapi? Kama zimepungua, ni kwa sababu gani?

5. Leteni darasani unga wa muhogo, bakuli na ungo. Fanyeni pamoja kazi ya kulowesha unga, na kila mwanafunzi aandike hatua zake tano kwa mkono wake mwenyewe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Linamarini: kitu kilichomo ndani ya muhogo ambacho kikivunjika hutoa sumu.

Kimeng'enya: kitu kinachosaidia kuvunja kitu kingine ndani ya mmea au mwili.

Sayanidi: sumu itokayo katika linamarini, hupeperuka kama hewa.

Konzo: ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafula, unaoletwa na kula muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri kwa muda mrefu bila kitoweo cha kutosha.

Udaga: muhogo uliovundikwa na kukaushwa, tayari kusagwa.